Deka ya Watoto: Tunahesabu Kutoka Nane Hadi Moja

Shule zikikaribia kufungwa, mafundi seremala wa Korogwe na Handeni huanza kupata wateja wa aina moja: wazazi wenye watoto watatu, chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na ombi moja. "Fundi, tunataka deka." Fundi anauliza, "Deka ya namna gani, mama?" Mama anatazama dari. Baba anatazama simu. Fundi anatazama pochi.

Basi tusaidiane kabla advansi haijatoka. Tunahesabu kurudi nyuma, kuanzia jambo jepesi hadi lile ambalo kwangu halina mjadala. Mwenye haraka aruke hadi namba 1, ila asije kulalamika kwamba habari za kikojozi hakupewa.

8. Rangi na urembo

Kaka mtu ni Simba, dada mtu ni Yanga, deka ni moja. Ukipaka nyekundu umeanzisha dabi ya kila usiku. Ukipaka kijani na njano, dabi ni ile ile, aliyebadilika ni mlalamikaji. Paka vanishi, kesi ifungwe.

Kabla ya vanishi, chukua kitambaa laini ukipitishe kwenye kila ubao: juu, chini na kwenye kona ambazo fundi anadhani hutaziangalia. Kikinasa, msasa urudi kazini, maana kinachonasa kitambaa leo kitachana paja la mtoto kesho. Michongo ya maua na mioyo kichwani mwa kitanda tuwaachie maharusi.

7. Ukubwa

Watoto wawili, futi 3 kwa 6 juu na chini, hesabu imekwisha. Wakiwa watatu, agiza futi 4 chini na futi 3 juu: wadogo wawili walale chini, mkubwa apande.

Halafu kuna mgeni. Nyumba za huku hazikai mwezi bila mgeni. Binamu kaja kutafuta shule, shangazi kaja kutibiwa hospitali ya Magunga. Shangazi hapandi ngazi. Shangazi analala chini, na watoto wanapangwa upya bila kikao. Ndiyo maana ile futi 4 ya chini naitetea hata kwa mwenye watoto wawili.

6. Mbao au chuma?

Hapa kijiwe kizima kina la kusema, tena kwa sauti.

Mninga na mkongo sifa zake hazihitaji mpiga debe. Deka ya mninga ikishasimama chumbani, hata mwizi anaipa heshima. Lakini bei yake inapanda kuliko ngazi ya kitanda chenyewe, na miti hii ya miombo huchukua miongo mingi kukomaa. Ukiitaka, dai risiti ujue mbao imetoka wapi kihalali.

Chaguo langu ni msaji. Muheza hapo jirani kuna shamba la serikali la misaji la Longuza, na kiini cha msaji mchwa hawakipendi. Nimesema kiini: ule mti mweupe wa pembeni wanautafuna vizuri tu, kwa hiyo angalia rangi ya mbao kabla fundi hajaificha kwa vanishi nzito. Mfuko ukikataa msaji, misindano ya Shume kule Lushoto inatosha kabisa kwa watoto, mradi nguzo ziwe mbili kwa tatu au mbili kwa nne. Fundi akikuonyesha nguzo za mbili kwa mbili, muulize anatengeneza kitanda au tenga la kuku.

Mbao iwe imekauka. Mbao mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukiiweka shavuni unasikia ubaridi. Ikija kukaukia chumbani kwako inajipinda, viungo vinalegea, na deka inaanza kuongea usiku.

Na sasa neno kwa watu wa Handeni, wakulima wetu wa mahindi. Wengi huweka magunia chumbani kwa watoto kwa sababu ndicho chumba chenye kufuli. Dumuzi, yule mliyempa jina la Scania, asili yake ni Amerika ya Kati, na huku kwetu alionekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wengi wanamjua kwa mahindi na makopa tu, lakini mdudu huyu hutoboa hata mbao kavu. Gunia lenye dumuzi likiegemezwa kwenye deka ya misindano, umemkaribisha mezani ukampa na kitanda. Hifadhini mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na magunia yakae mbali na kitanda.

Chuma je? Aliyesoma bweni anaijua deka ya chuma: jirani akigeuka, bweni zima linapata taarifa. Ila chuma kizuri kipo. Omba bomba la geji 16, usikubali 18. Namba ikipanda, unene unashuka. Pitisha kidole kwenye kila kiungo kilichochomelewa kuona kama kuna ncha kali. Na ncha zote za mabomba zizibwe, kwa sababu bomba lililo wazi ni nyumba ya kunguni yenye ulinzi saa 24. Mbao nazo zina kunguni, lakini kwenye mbao unaona nyufa na unamwaga maji ya moto. Ndani ya bomba utamwaga hadi kuni ziishe.

5. Bolti, jamani, bolti

Fundi akisema misumari inatosha, mshukuru, kisha mwambie bolti. Deka hutikiswa kila siku na watu wanaopanda, wanaoshuka na wanaoruka hali wamekatazwa. Msumari ukishatikiswa vya kutosha unapanua tundu lake mwenyewe, na huwezi kuukaza. Bolti ya milimita 8 yenye washa na nati unaikaza kwa spana namba 13, kazi ya dakika chache. Ikaze baada ya wiki za kwanza, kisha kila shule zikifungwa.

Faida ya pili ni safari. Kitanda kilichonunuliwa Korogwe kinakwenda Handeni kikiwa kimefunguliwa vipande, kimelala juu ya kirikuu, kinaingia mlangoni bila kubomoa fremu. Kwa mpangaji ndiyo usiseme. Mwenye nyumba akipandisha kodi, deka ya bolti inahama nawe. Ya misumari inabaki na mwenye nyumba.

4. Ngazi

Iwe ya kulala kidogo, isisimame wima. Vidaraja viwe bapa, unyayo wa mtoto ukae wote. Ifungwe kwa bolti, isiwe ya kutundika, kwa sababu ya kutundika itageuzwa goli la mpira sebuleni kabla ya Jumapili.

Ipime kwa uzito wa mtu mzima. Kila usiku mzazi ndiye anayepanda kidaraja cha tatu kufunika shuka na kuchomekea chandarua. Kama fundi anaogopa kuipanda mbele yako, jibu umeshalipata.

3. Nani analala juu?

Wote wanataka juu. Kura ikipigwa, kila mmoja anapata kura moja.

Wataalamu wa usalama wa watoto Marekani wanasema aliye chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu, na mimi naungana nao bila nukta. Mtoto wa miaka minne anaweza kupanda vizuri mchana. Shida ni saa nane usiku, anaposhuka akiwa nusu usingizini kwenda kutafuta choo. Mwenye kifafa asilale juu hata akiwa na miaka 15. Anayetembea usingizini, vivyo hivyo.

Na kikojozi, jamani, alale chini. Si adhabu, na asitaniwe. Wengi huacha wenyewe wakikua. Ila akilala juu, wa chini atanyeshewa mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa haikuitangaza. Valisha godoro mfuko wa plastiki chini ya shuka, maisha yaendelee.

Kama hujui mtoto wako anamudu kulala juu, Korogwe mna bahati. Ulaya kuna familia zinazokokota nyuma ya gari kijumba chenye vitanda vya deka. Sisi tuna behewa. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Arusha iliporudi mwaka 2020, ilirudi kupitia hapo hapo. Daraja la pili kulala ni chumba cha vitanda sita, vitatu kila upande, yaani deka yenye ghorofa ya ziada. Uliza ratiba stesheni, mpandishe kitanda cha kati huku wewe ukilala cha chini, umsikilize. Anayegeuka mara ishirini kabla ya kituo cha pili, nyumbani alale chini.

2. Ukingo wa juu

Tumefika kwenye mambo ya mfupa. Deka nyingi zinazouzwa barabarani zina ukingo wa ubao mmoja, upande mmoja, kwa ajili ya picha. Sheria ya Marekani ya vitanda vya deka, inayotumika tangu mwaka 2000, inadai kitanda cha juu kiwe na ukingo pande zote mbili, uwe umepanda angalau inchi 5 juu ya godoro, na nafasi kati ya ubao na ubao isizidi inchi 3 na nusu. Hatuishi chini ya sheria hiyo, lakini sababu zake hazina uraia. Kiwiliwili cha mtoto hupita mahali ambapo kichwa kinakwama; ananing'inia kwa shingo. Na ukuta si ukingo: kitanda husogea, mwanya unafunguka, mtoto anadidimia kati ya godoro na ukuta. Kwa hiyo upande wa ukutani uzibwe mwanzo mwisho.

Mtego mkubwa uko kwenye godoro. Tuseme ukingo umepanda inchi 10 kutoka kwenye chaga. Godoro la inchi 4 linakuachia ukingo wa inchi 6, safi. Mwaka unapita, bibi anasema mjukuu wake mbavu zinamuuma, unanunua la inchi 8. Ukingo umebaki inchi 2, na hakuna aliyegundua kwa sababu kitanda hakijabadilika. Godoro la juu liwe jembamba na gumu, la inchi 4. Bibi akitaka kudekeza, adekeze wa chini.

Hesabu ndogo za fundi: mpe kipande cha mbao cha inchi 3 na nusu, akipitishe kwenye kila mwanya wa ukingo. Kikipita kikiwa huru, ubao mwingine uongezwe. Hakuna haja ya kugombana. Kipande kinasema chenyewe.

Juu ya haya yote kuna pangaboi. Nyumba ikiwa na pangaboi, deka ikae kona ya mbali, pale mkono wa mtoto aliyesimama juu ya godoro hauwezi kulifikia. Atasimama. Umemkataza, lakini atasimama.

1. Chandarua

Nasema hivi kwa uzito wote: deka isiyo na mahali pa kufunga vyandarua viwili, kwa Korogwe na Handeni, bado haijawa kitanda. Ni mbao zilizopangwa vizuri.

Korogwe inaijua malaria kwa undani kuliko miji mingi duniani. Watoto wa hapa waliingia kwenye majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 na kumalizika 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Kwa Tanzania vituo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo hiyo mwaka 2021, sehemu ya ushahidi ilikuwa imetoka kwenye mikono ya watoto wa mji huu. Na hata baada ya chanjo, shirika hilo hilo linasisitiza chandarua chenye dawa kiendelee kutumika, kwa sababu chanjo inapunguza malaria, haiifuti.

Sasa tazama kinachotokea nyumbani. Kwenye kitanda cha kawaida chandarua kilikuwa kinaning'inia darini, kila mtu salama. Deka inaingia, chandarua kile kimoja hakitoshi juu na chini. Kinafungwa juu, wa chini analala wazi. Au kinafungwa chini, na wa juu anaambiwa mbu hawapandi huko. Mbu ana mabawa, baba.

Dawa yake iwe kwenye michoro ya fundi tangu siku ya kwanza. Kwa kitanda cha chini, kulabu nne ndani ya fremu ya kitanda cha juu, chini ya chaga, na nafasi ya futi 3 kutoka kwenye godoro ili mtoto aketi bila nywele kugusa chandarua. Mkono au mguu ukiegemea wavu, mbu anauma akiwa nje. Kwa kitanda cha juu, nguzo nne zipande futi 3 na nusu kupita godoro, zikiwa na kulabu au kamba ya katani ya kuzunguka. Dari ikiwa chini, kulabu ziende kwenye dari yenyewe. Chukua vyandarua vya pembe nne, si vya duara, kwa sababu duara hubana pembeni hasa pale kichwa kinapolala. Kitambaa kinachobaki kinachomekwa chini ya godoro pande zote, na upande wa ngazi ndio uwe mlango.

Siku ya kuchukua kitanda, beba vyandarua vyote viwili hadi kwa fundi, mvifunge pale pale kabla hujamalizia hela. Fundi akiuliza hela iliyobaki iko wapi, mwambie ipo, imelala juu, imefunikwa chandarua. Akishachomekea vizuri, apande akaichukue kwa ngazi yake mwenyewe.