Mwongozo wa Kuwa Baba Mwenye Nyumba Bila Kuugua Presha

Hongera, umeezeka. Fundi amekula kuku wake, majirani wameanza kukuita "bosi", na shemeji yako amekwambia kwamba sasa pesa itaingia huku umelala. Chukua kalamu upige hesabu ambayo kila mwenye nyumba wa Dar es Salaam aliipiga kabla yako: vyumba sita, kila kimoja sh 50,000, kwa mwezi 300,000, kwa mwaka 3,600,000. Itazame vizuri, maana hutaiona tena. Mimi yangu niliipiga nyuma ya risiti ya saruji, siku nilipomaliza kibanda changu Mbagala. Pesa sijaiona, ila risiti ninayo.

Somo la kwanza: Dalali

Dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja, na anayemlipa ni mpangaji, kwa hiyo utadhani hayakuhusu. Yanakuhusu. Wewe unakula mpangaji akikaa; dalali anakula mpangaji akihama. Mpangaji wako akitulia miaka mitatu, dalali anafunga bila Ramadhani.

Atakuletea kijana mmoja, begi moja, shati limenyooka. "Mtumishi huyu, mzee. Mpole, hana hata mke." Utampa ufunguo saa nne asubuhi. Magharibi kirikuu itasimama mlangoni na kushusha kitanda cha tano kwa sita, mwanamke mjamzito, watoto watatu, shemeji na jogoo. Kijana atakutambulisha kwa adabu zote. Jogoo hatatambulishwa, mtajuana alfajiri.

Somo la pili: Mkataba na kamusi yake

Mkataba unauzwa steshenari, unajazwa kwa kalamu ya kuazima na kugongwa mhuri serikali ya mtaa. Dai kodi ya miezi sita mkononi. Kiasi ni juu yako, maana sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Uko huru kutaja bei yoyote, na mpangaji naye yuko huru kutokuwa nayo.

Miezi sita ikiisha utahitaji kamusi:

*"Wiki ijayo, Mungu akipenda."* Hatalipa, na wa kulaumiwa ameshatajwa.

*"Nimeshatuma, hujaona meseji?"* Hajatuma.

*"Mtandao unasumbua."* Bado hajatuma.

*"Niko msibani, baba."* Yuko ndani, nyuma ya pazia. Angalia viatu mlangoni.

*"Nina mgonjwa."* Hili mara nyingi ni kweli. Utakwenda kudai kodi, utarudi umeacha elfu kumi ya dawa.

Somo la tatu: LUKU

Nyumba ina vyumba sita na mita moja ya umeme, nayo iko ukutani kwenye korido kama picha ya rais. Chumba cha pili ana friji na anauza barafu. Chumba cha nne anapiga pasi usiku wa manane, mlango umefungwa, akidhani mita imelala. Chumba cha sita ana balbu moja, na ameapa kwamba atachangia ya balbu tu.

Juu ya hapo, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni sh 1,500 kwa mwezi. Siku moja niliitwa kikao. Mimi siishi Mbagala; nimepanga Sinza, karibu na kazi, na nyumba yangu ndiyo inayotakiwa kunilipia. Nilibadilisha daladala mara mbili, nikakuta wajumbe wamekaa uani juu ya ndoo zilizofunikwa. Mama wa chumba cha kwanza alisimama na risiti: "Baba, hii 1,500 ni kodi ya nyumba, na nyumba si yetu." Alikuwa sahihi kabisa, kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Nikatoa noti na sarafu. Wakagawana 250 kila chumba, wakanishukuru, nikarudi Sinza nikiwa nimetumia nauli inayozidi deni lenyewe.

Somo la nne: Choo

Watu ambao hawajawahi kuelewana kuhusu umeme wataelewana siku choo kikijaa. "Tutakata kwenye kodi," watasema kwa sauti moja. Gari la kunyonya majitaka litakuja, litashindwa kupita uchochoro uliouachia mwenyewe ulipobana uwanja upate chumba cha sita. Masika yakianza, jirani wa juu atatapisha choo chake usiku kwenye mvua, na asubuhi wa bondeni watakuja kwako wewe.

Wazee husimulia kwa uchungu mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya sh 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Sicheki msiba wa mtu. Ila mwezi wa nne, nikiwa nimekunja suruali hadi magotini, nimewahi kumtamani huyo Msajili apite na kwangu.

Somo la tano: Kumtoa asiyelipa

Shetani atakushauri ung'oe mlango au ufungue bati juu ya kitanda chake. Usimsikilize. Ukifanya hivyo mdaiwa anageuka mlalamikaji na wewe unageuka mshtakiwa. Njia ni notisi ya maandishi, kisha baraza la kata mkasuluhishwe, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya likaamue. Ni njia ndefu, na mpangaji ataipita yote akiwa amekaa kwako.

Au atahama usiku. Wa kwangu wa chumba cha tano aliacha kufuli kubwa, nami nikaiheshimu miezi miwili nikijua vitu vyake vimo. Tulipoivunja mbele ya mjumbe, tulikuta ndoo isiyo na mshikio na kalenda ya mwaka juzi. Kufuli ndiyo ilikuwa mali ya maana kuliko zote, na tulikuwa tumeshaivunja.

Neno la mwisho

Usikate tamaa. Haya nimekuandikia jikoni Sinza, taa nimezima ili mama mwenye nyumba adhani nimetoka. Kodi yangu iliisha tarehe moja. Chumba cha pili akiuza barafu akalipa, nami nitalipa. Mama mwenye nyumba amepiga simu mara mbili, ya tatu nikamjibu kwa meseji: "Niko msibani, mama."

Ameshafika. Namsikia amesimama kimya, na sasa ndiyo nakumbuka viatu vyangu viko mlangoni.