Skrubu Mbili za Liemba

Kwetu Ujiji laptopu yangu haina jina la kiwandani tena. Mama watoto aliibatiza Liemba, jina la ile meli kongwe ya ziwani kwetu, na si kwa mapenzi. "Liemba imeng'oa nanga?" ataniuliza akipita na beseni la nguo, nami nitamjibu bado inapakia. Nabonyeza kitufe, naenda kuoga, nakunywa chai, nikirudi nakuta kiduara kinazunguka palepale. Niliinunua mtumba mwaka 2013. Betri ilishakufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Umeme ukipepesa macho, na yenyewe inafumba.

Mchana mimi ni karani, usiku ni katibu wa kamati za harusi. Hapa mtaani mtu akijulikana ana kompyuta hapumziki. Mwezi wa Mei 2024 nilikuwa nimechapa kurasa nne za muhtasari wa kikao, pamoja na orodha nzima ya ahadi za michango, umeme ukakatika. Uliporudi, Liemba ilinionyesha ukurasa mweupe pee.

"Nunua kishikwambi," akasema mama watoto, bila hata kuinua kichwa.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Kishikwambi chake ni kimojawapo cha vile vya sensa ya Agosti 2022: makarani walipomaliza kutuhesabu, serikali ikavigawa kwa walimu. Tangu siku alipokileta nyumbani tumekuwa watu wa madaraja mawili. Yeye anaandaa masomo amejilaza kwenye kochi, giza limeingia mtaa mzima, uso umemulikwa kama malaika. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mbao nikisubiri umeme wa TANESCO.

Nilimjibu kwa historia, maana asiye na hela hujibu kwa historia.

"Hiyo Liemba unayoitania," nikamwambia, "iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni kuletwa hapa Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, wakakuta mashine bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo la Liemba. Miaka ya 1970 ikang'olewa mashine za mvuke, ikawekewa za dizeli. Hakuna aliyesema itupwe ununuliwe mtumbwi."

"Na leo iko wapi, baba watoto?"

Nikameza mate. Wakati huo meli yetu ilikuwa imeegeshwa miaka kadhaa bila kubeba abiria, ikingoja ukarabati.

"Basi na yako ipeleke gatini."

Nikaipeleka Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa fundi, kijana mpole mwenye tochi kichwani kama mvuvi wa dagaa. Aliiwasha, akasikiliza mlio wake, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hii haiumwi. Imezeeka tu." Akanifafanulia kwamba diski iliyomo ndani ni ya sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea kinachokwenda na kurudi juu yake, ndiyo maana inakoroma; akiweka SSD, hakuna kinachozunguka, itawaka kabla sijavuta kiti. RAM yake ni GB 2. "RAM ni gati," akasema. "Meli ni nyingi, gati ni fupi, zilizobaki zinaelea nje zikisubiri zamu." SSD, RAM na betri, pamoja na ufundi: shilingi 215,000. Ila akanipa na habari mbaya bure: prosesa ya mashine hii haikubaliki kwa Windows 11, na Microsoft walishatangaza kwamba Windows 10 wataacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo angeniwekea Linux. Nilitikisa kichwa kama mtu anayemjua Linux na ukoo wake.

Kutoka hapo nikapita duka moja la simu. Kishikwambi 420,000, kibodi yake 45,000, kava 20,000. Kwenye kikoba nilikuwa na 450,000. Huhitaji kuwa karani kuona tatizo.

Niliporudi nyumbani nikakuta sebule imepata wapangaji: magunia matatu ya dagaa na mama yangu mzazi, ambaye wanangu wanamwita bibi na mwalo mzima wa Kibirizi unamwita bibi vilevile. Ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Bibi alikusanya mzigo wake wa mwisho, akagoma kuuza. "Nauza leo ili kesho nicheke nini?" Alijua bei itapanda. Magunia yakapangwa kando ya meza yangu, na wajukuu wakapewa kazi ya kuchambua dagaa kila jioni, wazima huku, vipande kule, hapo hapo nilipo na kompyuta. Kuanzia siku hiyo kila barua niliyochapa ilinuka Kibirizi.

Mama watoto, kwa kuwa ni mtu wa haki, akapendekeza nijaribu kabla ya kuamua. Nikakabidhiwa kishikwambi chake kwa usiku mmoja, kwa masharti mazito kuliko ya posa: nisile nikiwa nacho, nisikiweke karibu na bibi, nisimpe mtoto, kesho asubuhi kiwe kwenye mkoba.

Kwanza nilifurahi. Umeme ulikatika saa mbili, mimi naendelea tu. Nikaandika tangazo la kikao kwa vidole viwili, nikalirusha kwenye kundi la WhatsApp la harusi, watu sabini na wawili, nikalala kama mtu mwenye maendeleo.

Sikujua kwamba kile kifaa kina kiherehere. Hakijui Kiswahili, kinajua Kiingereza, na kila neno kisilolijua kinalisahihisha bila kuuliza. Tangazo lilisomeka hivi: "Karate ya harusi itakutana Jumamosi saa kumi alasiri. Shanghai wa bwana harusi ataongoza dua."

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita. Shangazi mwenyewe.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mimi Mmanyema wa Ujiji, mama yangu kazikwa hapa, bibi yangu kazikwa hapa. Huko Uchina mmenipeleka lini?"

Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Nikaona nifute kosa kwa kutuma upya orodha ya ahadi, nikaifungua humohumo kwenye kishikwambi. Jedwali lililokaa sawasawa kwenye laptopu lilikuwa limeteleza mstari mmoja. Kila mtu alibeba ahadi ya jirani yake. Mzee mmoja aliyeahidi 10,000 kwa mbinde akajikuta ameahidi mbuzi wawili, na aliyeahidi mbuzi akatulia kimya, hakulalamika mpaka leo. Nilirudisha kishikwambi mkobani kabla ya chai.

Nikaamua kukarabati. Hapo ningemrudia fundi, mambo yakaisha, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini katika ile 215,000, ufundi ulikuwa 30,000, na nina kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa amefunga shule mwezi wa Juni. "Baba, mbona rahisi? Nimeona video." Nikanunua vifaa kwa fundi, nikamwambia tutafunga wenyewe. Hakubisha. Alifungasha vizuri kwenye mfuko, akasema, "Karibu tena, mzee." Lile neno "tena" ningelisikiliza vizuri, ningeokoa mengi.

Tulitandika mkeka sebuleni. Kijana akafungua skrubu moja moja, nyeusi, ndogo kama punje za ulezi, jumla kumi na moja, tukaziweka kwenye kisahani cha kikombe. Kifuniko kilipotoka tulitazamana. Kwenye tundu la pangaboi, penye kupitia hewa, palikuwa na sufi ya vumbi la miaka kumi na moja, na katikati yake amekwama dagaa mmoja mkavu, kichwa kipo, jicho kavu linatuangalia, mkia umesagwa na mapanga. Kumbe ule mkoromo wa wiki za karibuni haukuwa wa diski peke yake. Nilimtoa kwa kibano cha nyusi cha mama watoto. Bibi akampokea, akamnusa, akasema huyu wa daraja la kwanza, akamrudisha guniani.

SSD ikaingia. RAM ikaingia, tena kwa mlio mtamu wa "tak". Betri ikakaa. Tukaamua kuijaribu kabla ya kufunga. Nikabonyeza kitufe huku nimeshika pumzi. Kweli, haikuchukua hata dakika: skrini nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza, na kimstari kinachopepesa kikituuliza mfumo uko wapi. Diski mpya ilikuwa tupu kama mtungi wa dukani. Ile video ya kijana ilikuwa na sehemu ya pili, hakuitazama.

Tukiwa tumeduwaa hivyo, umeme ukakatika. Giza totoro. Bibi, ambaye hapendi kazi ilale, aliendelea kuchambua kwa kupapasa, na katika kupapasa huko akaona kisahani chenye taka ngumungumu. Alidhani ni mawe yaliyoanikwa pamoja na dagaa mchangani. Akakikung'uta. Hajui mpaka leo alikikung'utia wapi, huku au kule.

Umeme uliporudi tulimwaga gunia zima mkekani. Tuliopekua ni sita, na paka. Mpaka saa tano usiku tulikuwa na skrubu saba. Ya nane ilionekana kesho yake wakati wa chakula cha mchana, kwenye dagaa wa mawese, katikati ya meno yangu mwenyewe. Ya tisa alikuwa nayo paka, sitaeleza ilivyopatikana. Kumi na kumi na moja kimya.

Nikarudi kwa fundi na laptopu imefungwa kwa kitambaa cha kichwani cha binti yangu. Hakucheka, na namshukuru. Aliweka Windows, akaichukua ile diski ya zamani akaitia kwenye kasha lake ili nisipoteze barua za watu, akanitoza 30,000 zilezile nilizokuwa nazikimbia, na 15,000 za kasha.

Sasa inawaka kwa sekunde ishirini na mbili, nimeihesabu. Umeme ukikatika nina saa mbili na nusu mkononi. Kama kazi yako ni kuchapa majedwali na muhtasari, sikushauri kishikwambi hata ukipewa kwa mkopo. Kama ni kusoma, kufundishia na kutembea nacho, mama watoto yuko sahihi, ila usimwambie nimesema. Bado anaiita Liemba. Kila nikiinua kifuniko, bawaba ya kushoto inalia kiee, kwa sababu ndipo zilipotakiwa kukaa zile mbili.

Bibi aliuza magunia yake mwezi wa Julai, ziwa bado limefungwa, kwa bei aliyoitabiri, na yote matatu yalipakiwa basi la Dar es Salaam. Kwa hiyo wewe uliyenunua dagaa wa Kigoma siku zile ukabakiza akiba jikoni: ukikuta skrubu nyeusi, ndogo kama punje ya ulezi, usimtukane muuzaji wala usiitupe. Mpe kondakta wa basi lolote linalokuja Kigoma, mwambie ni ya katibu wa harusi, Ujiji. Nauli nitalipa mimi.