Njia Panda: Mjomba Mkongojo na Shida za Karura

Wiki hii sanduku limejaa barua za watu wanaotembea katika Msitu wa Karura, Nairobi, kila Jumamosi. Nilidhani waendao msituni huacha shida zao langoni pamoja na magari. Kumbe huingia nazo, tena bila tikiti.

*Mjomba, shikamoo. Sisi ni marafiki wanane, tumeanza kutembea ili tupunguze vitambi. Mimi ni mzito kidogo. Wenzangu huniacha nyuma, kisha hunisubiri kwenye njia panda. Nikiwafikia, hata sijashusha pumzi, wanasema, "Haya, twende!" Wao wamepumzika mara tano, mimi hata mara moja. Nifanyeje?*
*Mkokoteni, Ruaka*

Marahaba, Mkokoteni. Ndivyo yalivyo matembezi ya kundi: aendaye mbio ndiye anayepumzika, na mwenye haja ya kupumzika ndiye asiyepata. Usilalamike, wala usinunue viatu vya bei ghali. Jumamosi amka mapema, kaanga mahamri, usiyaonee choyo cha iliki, yafunge kwa kitambaa yakiwa bado moto, na uyabebe wewe mwenyewe. Atakayejitolea kukusaidia mzigo mkatalie kwa upole. Toka lango la Limuru Road hadi kwenye maporomoko ya maji, watakuzunguka kama bibi harusi na wapambe wake.

*Mjomba, tumekubaliana kukutana langoni saa moja asubuhi. Mimi hufika saa moja kasoro dakika kumi. Saa moja na nusu nampigia mwenzangu simu, ananiambia, "Niko hapa karibu," nami nasikia maji ya bafuni yakimwagika. Juzi nilichoka, nikatangulia peke yangu, nikapotea. Sasa wananiita Livingstone.*
*Saa Kamili, Kasarani*

Ndugu yangu, kupotea Karura kunataka bidii. Ni kweli msitu una zaidi ya hekta 1,000, lakini kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba, na ramani unaiona langoni kabla hujaanza. Nashuku ulivipita vibao hivyo ukiwa umefura. Mwenye hasira hasomi namba.

Kuhusu huyo wa bafuni, usimwambie saa moja tena. Mwambie saa kumi na mbili. Akigundua hila hiyo, na ataigundua, mpe kazi ya kuwapitia wenzake watatu kwa gari lake. Mtu anaweza kumdanganya mmoja kwenye simu. Watatu wakipiga honi nje ya lango lake, hata majirani watamtoa bafuni.

*Mjomba, kima amenipokonya hamri mkononi, akapanda nalo juu na kulila akinitazama. Nilimtupia chupa ya maji ya plastiki niliyokuwa nimeificha kwenye begi, nikamkosa. Marafiki walicheka hadi wakaketi chini. Sheria inasemaje?*
*Mnyang'anywa*

Sheria inakusema wewe. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, fuo na misitu ya hifadhi, nawe umekiri kosa kwa mwandiko wako mwenyewe. Kima alifundishwa wizi na watu kama wewe waliomtupia ganda la ndizi wakampiga picha. Ukitaka kula kwa amani, tafuta mahali walipo mbega, wale weusi wenye manyoya meupe waliorudishwa Karura kuanzia 2014. Wao ni watu wa majani, habari za mahamri hawana.

Ila subiri kidogo. Hamri lipi hilo?

*Mjomba, hii ni aibu. Nilimwalika msichana ambaye nina nia njema naye aje kutembea na kundi letu. Kwenye mianzi nikasimama ili tupigwe picha, nikaagiza zipigwe kumi. Ya nne haijaisha, siafu. Nilivulia suruali nyuma ya muhugu, huku wenzangu wakiniimbia. Yeye alicheka, halafu akaniondolea siafu mmoja shingoni. Je, nimemkosa?*
*Mcheza Ngoma*

Pole, mpwa wangu. Siafu hupanda kimya. Watapita soksi, watapita goti, kila mmoja atapata kiti chake, kisha utadhani kuna aliyepuliza filimbi. Hapo mtu mzima mwenye shahada na mkopo wa benki hucheza ngoma asiyoijua. Kurukaruka hakusaidii. Kwanza toka kwenye msafara wao, maana wengi huvua palepale na kuwakaribisha wengine. Kisha wabandue mmoja mmoja. Ukimvuta kwa pupa, kiwiliwili hukatika na kichwa hubaki kimeng'ata. Kitoe kwa kucha, taratibu.

Muhugu ulichagua vizuri. Ni mti mgumu, wachongaji wa vinyago wanaujua, na ukiwa mkubwa humsitiri mtu wa wastani. Ungekimbilia kwenye thabai, yale majani yanayowasha, barua hii ungeiandika umesimama.

Na huyo msichana, sikiliza. Mtu anayekutoa siafu shingoni hakuja kuangalia miti. Anza kuhesabu mbuzi.

*Mjomba, shikamoo. Katika kundi letu kuna mzee mmoja mwenye fimbo. Tunampenda. Lakini kila njia panda lazima asimame atusimulie jinsi Wangari Maathai alivyopigwa akaumizwa kichwa tarehe 8 Januari 1999, alipokwenda kupanda mti Karura wakati msitu ulikuwa unagawiwa wajenzi. Tumeisikia mara kumi na nne. Kisha huuliza, "Leo mngekuwa mnatembea wapi?" Tukinyamaza hujijibu mwenyewe: "Kwenye maegesho ya magari!" Na mahamri anayokula ni mengi kuliko hatua anazopiga. Tumwambieje bila kumvunjia heshima? Tena tunaogopa, maana anaandika gazetini.*
*Wapwa Saba*

Marahaba. Mzee huyo simjui.

Ila kwa maelezo yenu naona ni mtu wa busara, na hesabu yenu ina kasoro. Ni mara kumi na mbili. Mbili zile alikuwa anaeleza habari za mapango ya Mau Mau, nanyi mlikuwa mmeinamia simu. Mwacheni. Huenda magoti yake ni ya mwaka 1951, na hadithi ndiyo njia aliyobaki nayo ya kupumzika bila kuomba ruhusa. Mkokoteni, kama unasoma hapa, umeona inavyofanywa?

Jumamosi tukutane langoni saa moja. Yaani, mkutane.