Turubai Zuri Ni la Ukoo

Mtu anayekwenda kulala katika Msitu wa Kakamega bila turubai ana imani ya kumshinda askofu. Huku kwetu hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, takriban maradufu ya Nairobi, na mvua yenyewe haina adabu: hungoja saa tisa au saa kumi alasiri, sufuria ikiwa ndiyo kwanza imeinjikwa, ikaja na radi, na mara nyingine ikaja na mawe. Hema la dukani hukinga usingizi tu. Halikingi moto, halikingi viatu, wala halimkingi mpishi. Ndiyo maana kila kikundi cha matembezi hapa, kiwe cha kanisa, cha walimu au cha majirani tu, hatimaye huitisha kikao cha turubai.

Chetu kiliitisha. Tuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kundi la WhatsApp, maana Wakenya watatu hawawezi kwenda hata mtoni bila viongozi waliochaguliwa. Ajenda ilikuwa moja: turubai la kutumika na kutumika tena, lisiloacha uchafu msituni. Katibu hufundisha jiografia na hawezi kusema jambo bila tarehe. Alitukumbusha kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa: chupa za maji, vikombe, sahani, mirija. Kisha akarudi nyuma hadi tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza, na faini yake ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Mweka hazina aliposikia milioni 4 alifunga daftari la michango na kulikalia.

Kuna aliyependekeza tununue ile karatasi nyeusi inayotandikwa chini ya sakafu za nyumba. "Ni bei ya chini, na ikichanika tunaiacha hukohuko." Katibu alimtazama kwa muda mrefu. Pendekezo hilo halimo kwenye kumbukumbu za kikao.

Turubai la kwanza kuletwa kwa majaribio lilitoka kwa khotsa wangu, ndugu yake mama, anayekaa Shinyalu. Lilikuwa lile la samawati ambalo kila duka la vifaa vya ujenzi huning'iniza mlangoni. Ni jepesi, halimtishi mtu kwa bei, na likiwa jipya huzuia maji vizuri. Lakini limesukwa kwa nyuzi bapa za plastiki, likapakwa plastiki nyembamba juu yake, na plastiki hiyo haipatani na jua. Misimu ya kuanikiwa mahindi ilikuwa imelimaliza. Nilipolikunjua uani lilitoa vumbi la samawati. Nilipolikunja, sehemu yake ilibaki chini ikiwa vijiuzi. Kuku walikuja mbio wakidhani wameitwa karamuni. Vijiuzi hivyo mvua ikivisomba huingia mto Isiukhu, Isiukhu ukaviingiza Nzoia, na Nzoia hausimami hadi Ziwa Victoria, kwa omena tunaowala sisi wenyewe. Isitoshe, tulipolifunga juu ya meko, kila kitu chini yake kilibadilika rangi. Ugali ukawa samawati. Ingokho, kuku wetu, sufuriani akaonekana amekufa kwa baridi. Hakuna aliyeomba kuongezewa.

La pili lilikuwa la kanvasi, mali ya mzee mmoja wa kanisani. Hili ni la pamba, nalo lina akili zake: likilowa, nyuzi huvimba na kuziba matundu, maji yakakosa njia. Ila lina masharti. Kwanza, usiliguse kwa ndani wakati wa mvua, maana pale ulipogusa ndipo maji huanza kuchuruzika. Mwanachama wetu mrefu kuliko wote aliligusa kwa kichwa tangu mvua ilipoanza hadi ilipokatika. Pili, likaushwe kabisa kabla ya kukunjwa, la sivyo litaota ukungu na kuoza. Likaushwe kabisa, Kakamega! Mahali ambapo soksi hufuliwa Jumatatu na kuvaliwa mbichi Alhamisi. Jua lilipokataa kutoka, mzee alilitandaza sebuleni juu ya makochi, na kwa siku kadhaa wageni wake walikaribishwa chai wakiwa wamesimama.

La tatu tuliliona kwenye simu tu: nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni, inayokunjika ikaingia mfuko wa koti, uzito wake haufiki hata kilo. Mweka hazina alipiga hesabu ya bei na ushuru, akasema kwa fedha hizo tungepata mbuzi wawili, na mbuzi huzaa. Hoja ikafungwa.

Ndipo tukamwendea fundi wa maturubai sokoni, yule anayeshona ya malori. Alituangalia kuanzia kofia zetu mpya hadi viatu vyetu vipya.

"Mama," akaniuliza, "mnataka turubai la picha ama la mvua?"

La mvua, alieleza, ni la lori: kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC pande zote mbili. Haliogopi jua wala miba. Tatizo ni mizani. Gramu 600 kwa kila mita mraba zinasikika chache mpaka katibu azidishe: mita 4 kwa 5 ni kilo 12. Mwenyekiti akauliza nani atabeba. Kila mtu akatazama chini, na mmoja akakumbuka mgongo wake.

Katibu hakuridhika. Alisema PVC nayo ni plastiki, na namna inavyotengenezwa si ya kujivunia. Fundi hakubishana. Alivuta kutoka chini ya meza turubai kuukuu la kijani, limepauka, lina kovu la grisi.

"Hili limeenda Malaba na kurudi tangu huyu mama hajaolewa. Plastiki ilishatengenezwa, mwalimu. Mimi nakuuliza kama mtaitupa ama mtakaa chini yake."

Katibu alikosa tarehe ya kumjibu. Fundi akaanza kutuonyesha namna ya kuchagua. Aliliinua kuelekea jua, uso wake ukaingia kivulini, akatafuta nukta za mwanga. Penye nukta hapafai. Akakunja pembe na kuibana kwa ukucha. Panapovunjika na kuacha mstari mweupe, mpako umekufa na maji yatapita. Akatia kidole kwenye pete ya chuma na kuvuta kwa uzito wake wote. Pete inayozunguka haijashika. Sehemu nzima ilitosha mita 3 kwa 4. Akaikata, akakunja kingo mara mbili na kuzishona, akapiga pete mpya kila baada ya urefu wa mkono. Kilo 7 na ushee. Tukalipa kwa M-Pesa na kupiga naye picha.

Kikao kikaamua turubai likae kwangu kwa sababu nina stoo. Hapo ndipo elimu yetu ya mazingira ilipoanza kwa kweli.

Turubai bovu ni lako peke yako. Lile la samawati la khotsa halikuwahi kuombwa na mtu. Turubai zuri ni la ukoo, na habari zake husambaa bila bando. Senje, dada yake baba, ndiye aliyetangulia kupiga simu.

"Mwana wanje, nasikia una turubai."

Hilo halikuwa swali. Kulikuwa na matanga, na wapishi hawawezi kunyeshewa wakipikia waombolezaji. Turubai likaenda, likarudi likinuka moshi na utumbo, na doa la mafuta lenye umbo la Uganda. Kabla sijalisugua, khotsa akaja na bodaboda. Mahindi yake yalikuwa yamevunwa, na mahindi yakianikwa juu ya udongo hayakauki sawasawa na hualika sumukuvu. Halmashauri ya Nafaka na Mazao hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5, na khotsa anaikariri tarakimu hiyo kwa fahari ingawa hajawahi kuwauzia hata debe moja. Baada ya mahindi kulikuwa na matofali mabichi ya jirani, kisha ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa mwenyekiti, na hapo hata mwenyekiti hakupitia kwa katibu.

Tulilipata kwa kambi ya Buyangu kwa sababu wiki hiyo, kwa neema za Mungu, hakuna aliyefariki, aliyeoa wala aliyevuna. Buyangu ni upande wa kaskazini wa msitu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya. Mwongozaji wetu alikuwa na sharti moja kuhusu miti: hakuna misumari, na kamba nyembamba zisifungwe moja kwa moja kwenye gome. Miti ya huku imeteseka vya kutosha. Mwiritsa pekee umechunwa sana gome lake kwa ajili ya dawa ya tezi dume. Fundi alikuwa ametuuzia mikanda ya viti vya matatu kuukuu, mipana kama kiganja, tukaizungushia miti na kufunga kamba juu yake.

Mweka hazina ndiye aliyesimamia ufungaji. Alitaka lilale bapa, pembe nne sawa, lipendeze kwenye picha. Mwongozaji alikohoa. Mweka hazina akasema fedha za wanachama lazima zionekane.

Mvua ilikuja saa kumi kasorobo. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 30 juu ya mita mraba 12 ni lita 360, mitungi 18, iliyokosa pa kwenda. Turubai hafifu lingekuwa limepasuka mapema na kutupunguzia mateso. Letu lilikuwa la lori. Lilishuka taratibu katikati, tumbo likaongezeka, pete zikashika, mikanda ikashika, mishono ikashika, na chini ya tumbo hilo mweka hazina alikuwa akisoma majina ya wanaodaiwa michango, bila kujua kwamba fahali mzima wa mapigano ya Khayega amening'inia juu ya kofia yake. Mwanachama mmoja, ambaye jina lake lilikuwa linakaribia kusomwa, aliinua mwiko na kulisukuma tumbo kidogo tu kutoka upande.

Maji yote yalitoka mara moja. Yalizima moto, yakachukua vitunguu, yakafuta orodha ya madeni. Mweka hazina alibaki amekaa vilevile, kalamu mkononi. Kima mtini walikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu tufike, kisha wakashuka kuchukua mkate.

Mwongozaji alikuja akafanya kazi ya dakika chache. Kamba moja ndefu katikati, kutoka mti hadi mti, juu. Upande wa upepo chini kabisa. Upande wa meko wazi. Maji yakaanza kuteremka na kuingia kwenye sufuria tulizozitega. Usiku ule siafu walipita katikati ya kambi, nasi tukacheza isukuti bila ngoma, lakini tulicheza tukiwa wakavu. Asubuhi tulitazama nyuma kabla ya kuondoka. Hapakuwa na kijiuzi wala alama kwenye gome.

Sasa turubai lina daftari lake. Kambi ijayo ilikuwa iwe Isecheno, upande wa kusini, tupande kilima cha Lirhanda kabla ya mapambazuko, na katibu alitangaza tarehe kwa mbwembwe. Nikafungua daftari. Ijumaa: mazishi. Jumamosi: harambee ya bweni la shule. Jumapili na Jumatatu: mahindi ya khotsa. Mwenyekiti aliuliza kwa unyonge kama wenye turubai wanaweza kufikiriwa Jumanne.

Nimempigia senje. Anasema atatuangalizia.