Sifa za Mashine Isiyosikia Kidole

Wamesifiwa masultani, wamesifiwa ngamia, na mnazi umetungiwa beti zisizohesabika. Mashine ya tiketi haijapata hata ubeti mmoja. Nasema ile ya skrini, inayosimama stesheni taa zikiwaka, imeandikwa kwa herufi kubwa uguse hapa, nawe ukigusa hapa inakutazama tu. Malenga wakiwa wamenyamaza, nitaisifu mimi, mkazi wa Soweto East, Kibera, Nairobi. Stesheni yenyewe siitaji. Bado nahitaji kusafiri.

Nasaba kwanza. Mwaka 1965, Mwingereza E. A. Johnson alichapisha maelezo ya skrini ya kugusa, akiwafikiria wanaoongoza ndege angani. Ukoo huo si wa kuchezea! Skrini nyingi za leo huhisi kidole kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme, na ngozi laini yenye unyevunyevu ndiyo inayosikika vyema. Sasa, kila alfajiri Soweto East hutoa watu wa mjengo na akina mama wa kufua nguo, wanaokwenda kutafuta riziki Kilimani na Lang'ata. Vidole vyao vimeliwa na saruji na sabuni hadi vikaota sugu. Vikifika kwenye skrini havina la kuiambia. Tusiilaumu. Bwana mkubwa hajazoea kuamkuliwa na mjengo.

Pamoja na ubwana wake, haili chai. Hapa nchini tumezoea kutoa kitu kidogo ndipo tuambiwe turudi kesho. Mashine hii inakunyima huduma bure kabisa. Haikuulizi kwenu ni wapi, haiendi kula chakula cha mchana, wala haikuambii faili limepotea.

Tena ina busara. Treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ina vituo vinne vinavyoanza na herufi M kati ya Nairobi na Mombasa: Mariakani, Miasenyi, Mombasa na Mtito Andei. Vipange kwa alfabeti uone vinavyobanana. Skrini yenye kiherehere, inayoitikia kabla kidole hakijatua, ingekukatia tiketi ya Miasenyi na shangazi yako anakungoja Mombasa na wali wa nazi. Skrini isiyosikia haijawahi kumpeleka mtu pasipo pake. Haijampeleka mtu popote.

Wako wanaolalamika kwamba inawachelewesha. Hao si wa kwetu. Mwaka 2009 familia zaidi ya elfu moja za Soweto East zilihamishiwa Lang'ata kupisha ujenzi wa nyumba mpya. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Aliyengoja miaka saba apewe ufunguo, utamtisha na mashine inayofikiri kwa dakika saba? Anakunja mikono tu na kumwuliza jirani yake bei ya sukuma wiki.

Na hapo ndipo penye sifa yake kuu: inaunganisha watu. Nimemwona mama mmoja, leso kiunoni, akibonyeza kwa kidole cha shahada, kisha kwa gumba, kisha kwa kifundo kama anayebisha hodi. Kijana aliyekuwa kando akamsogelea.

"Mathe, puliza kidole kwanza."

"Nipulize kama uji?"

"Puliza tu, kipate unyevu. Alafu usigonge. Weka, uache."

Mama akapuliza, akaweka, akaacha. Skrini ikafunguka. Foleni nzima ikashangilia, na aliyekuwa nyuma akaanza kupuliza kidole chake mapema, huku mzee mwingine akiifutia skrini vumbi kwa mkono wa sweta. Kabla tiketi haijatoka tulishajua mama anakwenda kumwona mjukuu, na mjukuu ameota meno mangapi.

Wabishi watasema hayo yote ni ya nini, na tiketi hukatwa kwa simu ya kabambe: unapiga *639#, unalipa, umemaliza. Kweli, kabambe hutii. Vitufe vyake havijali sugu wala saruji. Lakini unabonyeza peke yako, kitandani, na hakuna anayekushangilia.

Tangu reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, tiketi za treni ziliuzwa kwa miaka mingi na karani aliyeketi nyuma ya kidirisha. Mashine imeletwa ili karani asihitajike. Matokeo yake, sasa anahitajika mtu wa kusimama kando ya mashine kutwa nzima, akiwafundisha abiria kupuliza vidole, akiwabonyezea wazee, akiwaonyesha kwa kidole Mombasa iko wapi kati ya Miasenyi na Mtito Andei. Yule kijana anafanya kazi yote ya karani isipokuwa kuketi. Hana kidirisha, hana sare, na kama ana mshahara sijauona. Nimemwona tu akipewa shilingi ishirini ishirini na wanaomshukuru.

Ni mashine ngapi duniani zilizoletwa kufuta ajira zikaishia kuizalisha? Kwa hiyo mafundi wasiharakishe kuja kuitengeneza. Waje kwanza na kiti cha yule kijana, na barua yake ya ajira.