Kabati la Vioo

Usiku, sebuleni, Tabata, Dar es Salaam. Simu imewekwa chaji juu ya kabati la vioo. Ndani ya kabati, nyuma ya kufuli, imo nakala kuukuu ya riwaya ya Kufa na Kupona.

SIMU: Shikamoo, babu.

RIWAYA: Marahaba. Leo umepumzishwa?

SIMU: Chaji imekata. Binti wa Kidato cha Nne kanishika tangu alasiri.

RIWAYA: Akitazama vichekesho.

SIMU: Akisoma, babu. Hadithi ya kundi la WhatsApp, sehemu ya 47.

RIWAYA: Kusoma gani huko! Mimi nilitoka mwaka 1974. Mwandishi wangu, Elvis Musiba, alimtuma mpelelezi Willy Gamba kazini, na msomaji hakulala mpaka kazi iishe.

SIMU: Walimu walikupenda?

RIWAYA: (Akikohoa vumbi) Walisema naharibu vijana. Nilisomwa chini ya dawati, juu pamefunguliwa kitabu cha jiografia.

SIMU: Kumbe ni yale yale. Mimi nasomwa ndani ya shuka.

RIWAYA: Usijifananishe nami! Mimi sikumkatiza mtu. Kwako, aya moja, mara meseji ya shangazi, mara goli la Yanga, mara bando limeisha. Willy Gamba angeuawa akisubiri mtandao urudi.

SIMU: Hapo sina la kujitetea. Hata waandishi wameshanijua. Hadithi ikifika penye utamu wanakata, wanaandika “itaendelea”, na anayetaka mwisho atume shilingi 1,000. Na wanatuma! Binti leo hakula chapati za mapumziko.

RIWAYA: Elfu moja, kwa hadithi? Mbona sisi tunaambiwa vijana hawanunui?

MCHWA: (Akichungulia) Watanunuaje kilichofungiwa kabatini?

RIWAYA: Wewe umetokea wapi?

MCHWA: Ukurasa wa 60. Samahani, mzee, ila humu ndani msomaji wako ni mimi tu. Jana mwenye nyumba aliwalalamikia wageni kwamba kizazi hiki hakisomi, huku akiwaonyesha kabati. Mgeni mmoja akaomba kuazima kitabu. Akajibiwa ufunguo umepotea.

SIMU: Na mwenye nyumba mwenyewe anaishia kwenye kichwa cha habari, halafu anakirusha kwenye kundi la ukoo. Habari yenyewe haifungui. Mimi ndiye shahidi.

RIWAYA: Wazee wanawalinda vijana na mambo yasiyofaa.

MCHWA: Muulize jirani yako, Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ilitoka 1971, vijana wakaigombea, ikapigwa marufuku shuleni. Walipotaka kusoma walinyang'anywa. Leo wanasemwa hawasomi.

RIWAYA: Basi binti asome angalau vitabu vya mtihani. Riwaya ya Takadini ameimaliza?

SIMU: Amemaliza uchambuzi. Wahusika, dhamira, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kapata A.

RIWAYA: Ameeleza kutofaulu kwa mwandishi asiyemsoma?

SIMU: Kwa hoja tatu, na mifano.

MCHWA: Usimlaumu. Mtihani ukiridhika na uchambuzi, nani atapoteza usiku na kitabu kizima?

RIWAYA: Kwa hiyo mnataka mimi, kwa umri huu, nihamie ndani ya simu?

SIMU: Karibu, babu. Nitafuta video za mapishi upate nafasi. Ila uje kwa mlango wa mbele. Vitabu vingi nilivyonavyo vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa vikasambazwa bure, mwandishi hakupata hata senti.

RIWAYA: Na meseji za shangazi?

SIMU: Hizo siziwezi. Binti mwenyewe ajifunze kunizimia data anaposoma.

MCHWA: Niwahukumu, kwa kuwa nimewaonja wote, isipokuwa Simu, ambaye haliki. Binti anayeacha chapati apate sehemu ya 48 anapenda kusoma kuliko mwenye nyumba hii. Wachapishaji, pelekeni riwaya nzuri simuni, kwa bei ya chapati, na mwandishi alipwe. Walimu, tungeni maswali ambayo uchambuzi hauyajibu. Nanyi wazazi, tafuteni ufunguo. Sisi mchwa hatuuhitaji.