Namna ya Kubishana Kuhusu Rambo, Madenge na Nyoka wa Nokia

Ubishi wa mambo ya zamani una taratibu zake, na anayeuvamia kichwakichwa hutoka ameaibika mbele ya vijana wa bodaboda. Mwongozo huu ni wa mtu wa Ikinga, wa Itumba, wa Isongole, au aliyeshuka Tunduma kwa shughuli zake akakuta kijiwe kimechangamka: mmoja anasema Komando angemlaza Rambo asubuhi na mapema, mwingine anaapa kwamba halijawahi kutokea gemu kama lile la nyoka wa Nokia. Ingia, ndugu yangu. Haya ni mambo yaliyotulea, na yanastahili kubishaniwa vizuri.

Anza na saa. Mkoa wetu wa Songwe umepakana na Zambia na Malawi, na nchi zote mbili ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Saa mbili usiku ya Tunduma ni saa moja ya Nakonde, Zambia, na aliyetoka Isongole kwenda Chitipa, Malawi, akarudi jioni anajua adha yake. Kwa hiyo mtu akikwambia filamu kwenye banda la video ilikuwa ikianza saa kumi, na mwingine akakazana kwamba ilikuwa saa tisa, usimwite yeyote mwongo kabla ya kuuliza alikulia upande gani wa mpaka. Swali hilo peke yake humaliza nusu ya ugomvi.

Swali la pili ni umri, na hapa uwe na heshima. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulikaa bila kituo chetu cha televisheni hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata miaka kadhaa baadaye. Mzee aliyekuwa mtoto huko milimani Ileje mwaka 1980 hana Tom na Jerry wa kukusimulia. Ana redio ya betri, ana "Mama na Mwana", ana "Pwagu na Pwaguzi" wakilaghaiana usiku na ukoo mzima umenyamaza kusikiliza. Usimpime kwa runinga ambayo haikuwepo. Mwamkie, mpishe akae, kisha muulize swali litakalomfungua kinywa: "Mzee, Sani ulikuwa unaisoma?"

Hapo utulie, maana hapo ndipo penye utajiri.

Sani lilikuwa jarida la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na lililipa taifa hili katuni zake kabla hatujaona panya na paka wa Marekani. Madenge, mtoto mtundu asiyekanyika. Ndumilakuwili, ambaye ukimwona anacheka na wewe ujue kuna mtu analizwa. Lodi Lofa, mfuko mtupu na majivuno ya bwana mkubwa. Kipepe. Pimbi, kimo kifupi na mambo marefu. Mchoraji Philip Ndunguru ndiye aliyewapa wengi wao sura, akafariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wachoraji wengine wakashika kalamu wakaendelea nao. Wahusika kuishi baada ya mchoraji wao ni jambo kubwa. Kabla yao alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baada yao wakaja Kingo wa James Gayo na kile kipanya cha Masoud Kipanya ambacho mpaka leo hakimwogopi mtu.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na mimi siilegezi: mtu akikutajia katuni 10 bora za maisha yake na Madenge hayumo, mwambie aanze upya kuhesabu. Akisema za karatasini si katuni, muulize kama mtoto wa kijijini alicheka kwa uongo. Nakala moja ilisomwa na mwenye duka, ikasomwa na mwalimu, ikapita kwa wanafunzi, ikafika kwa mama aliyeisoma kwanza kabla ya kuifungia vitumbua. Na kama kwenu kuna sanduku lenye Sani za zamani, litoe mahali panya na mvua vinapofika. Hilo ni ombi, tena la dhati, kwa sababu zile kurasa zinaisha na sijui ni maktaba ngapi zilijali kuzihifadhi.

Sasa twende banda la video. Mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nje, deki imefunikwa kitambaa, kiingilio unampa kijana mlangoni ambaye anamjua kila mtoto asiyelipa. Ukiwa unabishania filamu za enzi hiyo, lazima utaje ulizionaje. Wapo walioona Rambo akizungumza Kiingereza, wapo waliomwona Rambo wa Lufufu, na hizo ni filamu mbili tofauti.

Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, alikuwa akipunguza sauti ya filamu na kuweka yake. Hakutafsiri maneno tu. Alikueleza huyu ni nani, kwa nini ana kisirani, adui amejificha wapi, na nini kitampata asipojihadhari. Mtu asiyejua neno hata moja la Kiingereza, Kichina au Kihindi alitoka pale anaijua hadithi kuliko aliyemaliza kidato cha nne. Wakenya wana DJ Afro wao. Waganda wana ma-VJ wao, na mmoja, VJ Emmie, sauti yake imeizunguka dunia katika "Who Killed Captain Alex?", filamu ya 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ambayo watu wa Ulaya na Marekani wanaitazama na maelezo yake juu yake na kufurahi kama tulivyofurahi sisi. Watu hawa ni wasanii. Ukinukuu maneno matamu ya filamu pale kijiweni, sema ni ya nani: ya Stallone au ya Lufufu. Mara nyingi utakuta lile unalolikumbuka miaka yote hii lilitoka Dar es Salaam.

Ndiyo maana nasema simu zilazwe kifudifudi mezani ubishi unapoanza. Tarehe mtazitafuta baadaye, na mzitafute kweli. Lakini filamu uliyoiona kwenye benchi ukiwa na miaka tisa, ikisimuliwa na mtu mwingine, mkanda ukiwa umechakaa na dakika za mwisho zikiwa chenga tupu, haimo kwenye intaneti. Imo kwa waliokuwepo. Wahojini wao.

Kuhusu Rambo na Komando, mjue kwanza kwamba Komando ya Schwarzenegger na Rambo ya pili zote zilitoka mwaka mmoja, 1985. Anayesema mmoja alimwiga mwenzake alete ushahidi. Na anayesema "Rambo" aulizwe Rambo ipi, kwa sababu ile ya kwanza, ya 1982, inamhusu askari aliyerudi kutoka vitani Vietnam akafukuzwa kama mbwa koko na polisi wa mji mdogo aliokuwa akipita, na karibu hakuna anayekufa ndani yake. Ni filamu ya huzuni. Waliokwenda banda wakitafuta milipuko wakaikuta hiyo walidai hela zao, lakini mimi naiweka juu ya zote zilizofuata. Huyo Rambo mwenye bunduki kubwa tuliyemjua mtaani alitoka ya pili, akachapwa hadi kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni, na mifuko hiyo ikawa rambo kwa jina mpaka Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Ipo sheria moja ya banda ambayo haibishaniwi: steringi hafi. Mwenye kuleta mfano wa kuipinga alete Sholay ya 1975, ambamo Amitabh Bachchan anakufa mikononi mwa rafiki yake. Hapo patachimbika. Jibu sahihi, kwa maoni yangu, ni kwamba steringi alikuwa Dharmendra muda wote na sisi tulimpenda Amitabh kupita kiasi hata hatukuona. Lakini mtu mzima akikataa jibu hilo kwa machozi, mwache. Ana haki.

Usisahau mitumba. Watoto wengi wa mpakani walimjua Pikachu, Bart Simpson na wale kobe wanne wenye silaha kutoka kwenye fulana kabla ya kuwaona wakitembea kwenye kioo. Fulana haina hadithi, basi kila mtoto alijitungia. Ukikutana na mtu anayekueleza maisha ya kobe hao kinyume na unavyoyajua, usimkatize. Msikilize hadi mwisho, huenda hadithi yake ni nzuri kuliko ile ya wenyewe.

Kwenye gemu, gawanya uwanja mapema. Kuna watu wa simu, watu wa kaseti na watu wa PlayStation, na ukiwachanganya hamtafika popote.

Watu wa simu wataanza na nyoka. Nyoka huyo aliundwa na Taneli Armanto, fundi wa Nokia huko Finland, akatoka na simu ya 6110 mwaka 1997, na walio wengi kwetu walimpata kwenye 3310 iliyokuja mwaka 2000. Kubali sifa zake zote. Kisha waulize kuhusu Bantumi, gemu lililokuwa kwenye simu ileile na ambalo vijana walilipita bila kuligusa. Bantumi ni bao! Ni bao dogo, mashimo 6 kila upande na ghala moja kwa kila mchezaji, lakini ni bao. Mwite mzee anayejua bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lenye kunamua na mtaji na nyumba, umpe simu acheze. Atamaliza haraka, atakurudishia, ataomba ubao wenyewe. Ng'ambo ya mto Songwe, Wamalawi nao wana bawo yao wanayoiringia sana, kwa hiyo ubishi huu mnaweza kuufanya wa kimataifa bila pasi ya kusafiria.

Watu wa kaseti watakuja na Contra. Hawa wapimwe kwa kitu kimoja: ile siri ya kupata roho 30. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Siri hiyo ilianza kwenye gemu la Gradius mwaka 1986, ikiwekwa na Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami. Asiyeweza kuionyesha kwa vidole hewani bila kufikiri alikuwa mtazamaji tu. Wengine watataka kufufua lile la kupiga bata kwa bunduki. Waambie watafute kwanza runinga ya chogo. Bunduki ile ina jicho ndani yake: ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata pakawaka weupe, na jicho lile likasoma mwanga. Runinga bapa za leo huchelewa kidogo kuonyesha picha, na kuchelewa huko kunatosha kumfanya bata asife milele.

Watu wa PlayStation ndio wenye kelele. PS2 imeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, hakuna mashine ya gemu iliyoishinda, na huku kwetu moja ililea mtaa mzima kwa sarafu moja moja na sheria ya anayefungwa anatoka. Pedi zijaribiwe kabla ya mechi kuanza, kwa sauti, mbele ya mashahidi, maana bila hivyo kila aliyefungwa atasema pedi ilikuwa mbovu. Kama ni Pro Evolution 6, kubalianeni mapema kuhusu Inter. Adriano wa gemu lile alikuwa na nguvu ya shuti 99, na aliyeshinda kwa mashuti yake kutoka katikati ya uwanja hajaonyesha ufundi wowote. Siku hizi vijana wanaingiza Simba na Yanga kwenye gemu la simu, na utangazaji wa Kiswahili juu yake. Naipenda sana kazi hiyo. Ni kazi ya Lufufu ileile, wameirithi bila hata kumsikia.

Tom na Jerry waje mwisho, kwa sababu wao hawagawi watu kwa lugha. Kwa kawaida hawaongei, na ndiyo maana tangu William Hanna na Joseph Barbera walipowaanzisha mwaka 1940 wameingia kila nyumba bila mkalimani. Swali ni moja tu: nani mwenye makosa? Mimi nasimama na Tom. Katika mkoa unaolima mahindi kama huu, kila mwenye ghala anajua panya anafanya nini kati ya mavuno na masika. Tom yuko kazini. Anachapwa, anaunguzwa, anafukuzwa na mwenye nyumba, kesho yake anarudi kazini. Wanaomshabikia Jerry hawajawahi kufungua gunia la mbegu wakakuta makapi.

Na akija kijana anayesema utotoni mwake alikuwa na Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014, au Akili and Me, iliyofuata mwaka 2016, msimcheke kwamba hayo ni ya juzi. Aliyekuwa na miaka minane wakati huo sasa ana ndevu au ana mtoto mgongoni. Tena yeye ana kitu ambacho sisi hatukupata: katuni zinazotembea, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zinazoongea Kiswahili bila mtu kupunguza sauti, na msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mpisheni akae. Mwulizeni alikuwa akitazamia kwa nani, wangapi walikaa sakafuni, na nani aliyekuja kuzima. Akisema Akili anamzidi Tom, mdaini ushahidi kama mlivyodaiana ninyi.